Ni mnyama gani anafaa kwa utafiti wa akupancha na maumivu ya goti?

Mwanagenzi aliuliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Naomba ushauri kabla sijawasilisha andiko langu la utafiti kwenye kamati ya maadili. Nilisomea tiba ya Kichina nchini China, nikarudi nyumbani Tanzania, na sasa niko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Nilipokuwa kliniki, wagonjwa wengi walionijia walikuwa kina mama wa miaka 50 na zaidi wenye goti lililolika gegedu, na wengi wao walisema kuwa sindano ziliwapa nafuu. Nataka kujua kama akupancha ya umeme, yaani sindano za Kichina zinazopitishiwa umeme mdogo, kwenye nukta ya Zusanli, ile iliyo chini ya goti upande wa nje ambayo vitabuni huandikwa ST36, hupunguza kweli maumivu hayo, na kama ndivyo, ni kwa njia gani.

Nyumba ya wanyama ya chuo chetu hufuga panya wa ukoo wa Wistar na vipanya weupe. Nitaandika panya kwa yule mkubwa na kipanya kwa yule mdogo, kwa kuwa Kiswahili chetu huwaita wote kwa jina moja, na mhudumu wa wanyama alikwisha kuniletea vizimba visivyo vyangu kwa sababu hiyo. Msimamizi wangu, ambaye ni mtu wa famakolojia, ananishauri nitumie modeli aliyoizoea: panya dume wa wiki 8 anadungwa ajuvanti ya Freund (mchanganyiko wa mafuta na bakteria waliouawa unaochochea kinga ya mwili) kwenye unyayo, unyayo unavimba, na siku chache baadaye tunapima jinsi anavyouondoa mguu akiguswa kwa nyuzi za von Frey, zile nyuzi za plastiki zenye ugumu tofauti. Ni njia rahisi na vifaa vyake tunavyo. Lakini najiuliza, unyayo uliovimba kwa siku 3 unahusiana vipi na goti la mama aliyeteseka kwa miaka 10?

Kila makala ninayoisoma ina jibu lake. Wapo wanaomlaza mnyama kwa nusukaputi wakati wa kudunga sindano na wapo wanaomfunga akiwa macho, na mara nyingi hawasemi kwa nini. Nashindwa kutenganisha hoja ya kisayansi na mazoea ya maabara. Nichague mnyama gani, ugonjwa usababishwe kwa njia gani, na kundi la kulinganishia liweje?

MzeeWaMaabara alijibu:

Marahaba, ndugu Mwanagenzi. Nimepima maumivu kwa panya kwa zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa nikiwa Ulaya, kwa hiyo uniwie radhi jibu likirefuka.

Umeuliza swali moja lenye maswali mawili ndani yake. Kuuliza iwapo sindano inapunguza maumivu ya goti ni jambo moja, na kuuliza inapita njia ipi mwilini ni jambo jingine, na mnyama anayefaa kwa hilo la pili si lazima afae kwa la kwanza. Kazi mashuhuri za miaka ya karibuni karibu zote zinahusu njia, nazo zilitumia kipanya kwa sababu jeni zake zinabadilishika. Kundi la Maiken Nedergaard wa Chuo Kikuu cha Rochester, mwaka 2010, lilionyesha kuwa kuzungusha sindano kwenye Zusanli kwa nusu saa kulipandisha adenosini, kemikali ya mwili inayoweza kutuliza maumivu, katika tishu za hapo karibu mara 24, na kwamba vipanya waliozaliwa bila vipokezi vyake vya A1 hawakupata nafuu yoyote. Mwaka 2021 kundi la Qiufu Ma wa Harvard lilionyesha kuwa umeme mdogo kwenye mguu wa nyuma huamsha neva ya vegasi, itokayo kwenye ubongo hadi viungo vya ndani, na tezi za adrenali zilizo juu ya figo na hivyo kutuliza uvimbe wa mwili mzima, lakini umeme huohuo ukipitishwa tumboni haufanyi hivyo, kwa kuwa neva fulani za hisia zinazotambulika kwa jeni ya PROKR2 zimejaa kwenye tishu za ndani za mguu na ni haba tumboni. Ni kazi nzuri sana, lakini hakuna hata moja iliyohusu goti lililolika. Ukizinukuu kwenye andiko lako kana kwamba zimekwisha kujibu swali lako, mtahini makini atakusimamisha hapohapo.

Kwa kuwa huna vipanya waliobadilishwa jeni, sioni faida ya kumchagua kipanya, na hasara naiona. Mguu wake ni mdogo mno kwa kazi hii. Misuli iliyo mbele ya muundi, ambamo sindano ya Zusanli inatakiwa kukaa, ina unene wa milimita chache tu, na mkono ukitetemeka kidogo ncha inatoka kwenye msuli na kugonga mfupa au kuchoma neva. Kwa panya una nafasi zaidi, ingawa si kubwa, na unaweza kuchomeka sindano mbili za umeme bila kuzigusanisha. Hata hivyo usiandike "nukta ya ST36" ukaishia hapo. Wapo wanaoipima milimita 5 chini ya kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, na wapo wanaoipima kando ya ukingo wa mbele wa muundi, na kwenye mguu wa panya tofauti hiyo si ndogo. Andika alama za mifupa, kina, kipenyo cha sindano, hezi, miliampea na dakika. Masafa ya umeme, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde, nayo yana maana: Han Jisheng na wenzake wa Beijing walionyesha kwa panya kwamba hezi 2 huachilia zaidi enkefalini na endofini, na hezi 100 huachilia dainofini, ambazo zote ni opioidi, yaani vituliza maumivu vinavyotengenezwa na mwili wenyewe, kwa hiyo anayebadilisha masafa amebadilisha dawa.

Kuhusu ugonjwa, wasiwasi wako ni wa haki. Ajuvanti ya Freund hutoa uvimbe mkali wa kinga, na kwa goti la mama yako wa kliniki huo ni ugonjwa mwingine. Njia iliyo karibu zaidi na uwezo wako ni kudunga monoiodoasetati ndani ya kiungo cha goti. Kemikali hiyo huzuia kimeng'enya kimoja cha kuvunja sukari, seli za gegedu zikakosa nishati na kufa, na gegedu likaanza kumomonyoka. Siku za kwanza panya huchechemea kwa sababu ya uvimbe, kisha hali hutulia kidogo, na kuanzia wiki ya pili hivi maumivu yanayobaki yanatokana zaidi na kiungo chenyewe kilichoharibika. Ukianza sindano siku ya 3 unatibu uvimbe, na ukianza siku ya 14 unatibu kitu kinachokaribia swali lako. Dozi isizidi, kwani watu hutumia miligramu 1 hadi 3 kwa panya, na ikiwa kubwa mfupa ulio chini ya gegedu huharibika na hata neva huonyesha dalili za kujeruhiwa, ukajikuta una modeli mbili ndani ya mguu mmoja. Ipo pia njia ya upasuaji, yaani kukata kano ya msalaba ya mbele, ambayo inafanana zaidi na goti la mchezaji mpira aliyeumia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo makala nyingi hulipita kwa sentensi moja, nami lilinigharimu karibu mwaka mzima. Tulikuwa tukiwafunga panya kwenye mfuko wa kitambaa, miguu ya nyuma ikitoka nje, dakika 30 kila siku, sindano zikiwa mwilini. Kundi la kulinganishia lilibaki vizimbani likila. Tofauti ilikuwa ya kupendeza mno, na tulipowadunga naloksoni, ambayo huziba vipokezi vya opioidi, nafuu ikatoweka, tukajiona tumethibitisha kila kitu. Ndipo mwenzetu mmoja, fundi wa maabara wala si profesa, akauliza kwa nini hatuna panya waliofungwa bila kudungwa. Tulipoliweka kundi hilo, sehemu kubwa ya tofauti yetu iliyeyuka. Hofu peke yake humpunguzia mnyama maumivu, na sehemu ya nafuu hiyo hupitia opioidi zilezile, kwa hiyo naloksoni haikuwa imethibitisha chochote kuhusu sindano. Tangu hapo nasema kwamba kumfunga mnyama ni sehemu ya modeli, sawasawa na ugonjwa wenyewe.

Nusukaputi haikuokoi moja kwa moja. Isofulureni, dawa ya nusukaputi ya kuvuta, huondoa hofu lakini pia hulegeza neva zilezile unazotaka kuziamsha, na mgonjwa wako wa kliniki hakulazwa. Mimi ningewazoesha panya mfuko kwa siku 5 kabla ya jaribio, dakika chache siku ya kwanza na kuongeza polepole hadi 30, kisha makundi yote yafungwe kwa muda uleule. Panya aliyezoea utamjua: haachi kinyesi mfukoni, hapigi kelele, na wengine husinzia.

Mwanagenzi aliandika:

Nashukuru sana, Mzee. La mfuko halikuwa limenipitia kichwani kabisa, na katika rasimu yangu kundi la kulinganishia lilikuwa linakaa kizimbani. Naomba kuongeza swali moja. Kama goti linadungwa kemikali na Zusanli iko milimita chache chini ya goti hilohilo, nitajuaje kwamba sindano haifanyi kazi kwa kuchokonoa tu tishu iliyovimba? Tena, kipimo cha nyuzi za von Frey hugusa unyayo, ilhali mgonjwa hulalamika anapotembea na kupanda ngazi.

TabibuWaMifugo alijibu:

Naomba nichangie kwa upande wa wanyama wenyewe.

Kwa swali la kwanza, wapo wanaodunga sindano mguu wa upande wa pili, ule mzima. Nafuu ikionekana kwenye goti bovu ingawa sindano iko mguu mwingine, maelezo ya kuchokonoa tishu ya hapohapo yanakuwa hayatoshi na unalazimika kutazama uti wa mgongo na ubongo. Kama una wanyama wa kutosha, weka kundi la namna hiyo. Kama hawatoshi, ni afadhali makundi machache yenye wanyama wa kutosha kuliko makundi mengi ya panya wanne wanne ambayo hayatakuambia lolote.

Kwa swali la pili, kipimo cha uzito ni bora. Panya husimamishwa akiwa ameegemea, kila mguu wa nyuma juu ya mzani wake, na unaangalia ni kiasi gani cha uzito anauondolea mguu mbovu. Kifaa cha kiwandani ni ghali, lakini nimeona kikitengenezwa kwa sanduku la plastiki angavu na mizani mbili za kidijitali. Kipimo kingine ninachokipenda ni cha kufukua, kwa sababu humwachia panya afanye mambo yake. Chukua bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, ziba upande mmoja, inua mdomo wake kidogo, ulijaze kilo 2.5 za kokoto ndogo. Panya mwenye afya atazitoa kokoto hizo kwa bidii ya mtu anayechimba msingi wa nyumba. Mwenye maumivu huacha nyingi ndani. Unapima kilichotoka, basi. Hakuna anayemgusa mguu, na aliyepima hana nafasi ya kuona anachotaka kukiona.

Nina wasiwasi na umri na jinsia. Ugonjwa unaouchunguza ni wa watu wazima, na kwa wanawake ni mwingi zaidi, lakini rasimu yako ina madume wa wiki 8 ambao kwa hesabu ya panya ndio kwanza wanabalehe. Tafuta wa miezi 3 au zaidi, na weka majike. Hoja kwamba mzunguko wa uzazi wa majike huvuruga matokeo hutolewa zaidi na watu ambao hawajawahi kuupima.

Ungekuwa na fedha ningekutajia simbilisi wa ukoo wa Dunkin Hartley, ambao goti lao hulika lenyewe bila kudungwa kitu tangu wakiwa na miezi michache. Mbwa wazee nao hupata ugonjwa huu kiasili, na wenye mbwa wengi huleta kliniki. Huko hakuna anayesababisha ugonjwa kwa makusudi, na mnyama anatibiwa badala ya kuuawa mwishoni. Tatizo ni kwamba anayejaza fomu ya maumivu ni mwenye mbwa, naye amelipia sindano na anatamani zifanye kazi.

Pia usidhani ramani ya nukta ni kitu kilichokamilika. Nukta nyingi zinazofundishwa kwa mbwa, farasi na panya zimehamishwa kutoka kwenye mwili wa binadamu kwa kulinganisha mifupa na misuli, na kuna mahali uhamishaji huo unachekesha. Panya hana kibofu cha nyongo, ilhali kipanya anacho, na bado kila siku tunasoma kuhusu nukta za "mkondo wa kibofu cha nyongo", mojawapo ya njia ambazo tiba ya Kichina hupanga nukta zake juu yake, kwa panya. Zusanli ina nafuu ya kuwa na alama za mifupa zinazoeleweka kwa wote.

Kwa kamati ya maadili, kumbuka sheria ya ustawi wa wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008, na jenga hoja yako juu ya zile nguzo tatu za Russell na Burch za mwaka 1959: kutumia mbadala inapowezekana, kupunguza idadi, na kupunguza mateso. Mwongozo wa ARRIVE wa 2020, unaoeleza jinsi ya kuripoti tafiti za wanyama, nao uusome sasa hivi wakati wa kupanga, kwa kuwa wengi huufungua wakiwa tayari wanaandika makala na mambo yamekwisha haribika.

Mdadisi alijibu:

Samahani kwa kuingia na shaka. Mwaka 2022 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu, ilitoa mwongozo unaosema wagonjwa wa ugonjwa huu wa viungo wasipewe akupancha. Kwa nini tuwatese panya kwa tiba ambayo binadamu wamekwisha kuijaribu kwa maelfu?

Msinielewe vibaya, sisemi hakuna cha kuchunguza. Nchini Ujerumani lilifanyika jaribio la goti lililochapishwa mwaka 2006, lenye wagonjwa 1,007. Waliopata nafuu iliyokubaliwa kitaalamu walikuwa asilimia 53.1 kwa sindano za Kichina, asilimia 51.0 kwa sindano za juujuu zilizodungwa mahali pasipo nukta, na asilimia 29.1 kwa matibabu ya kawaida. Hapo kila mtu huchukua anachotaka: mwenye imani huona 53 dhidi ya 29, mwenye shaka huona 53 dhidi ya 51. Kwa hiyo ndugu Mwanagenzi, kundi lako la kulinganishia ndilo litakaloamua utafiti wako unasema nini. Ukilinganisha sindano na kutofanya kitu, utapata nafuu, na hutajua imetoka wapi.

Wengine husema panya hana imani, kwa hiyo matokeo yake ni safi. Sawa, panya haamini. Je, anayeshika nyuzi za von Frey?

MzeeWaMaabara alijibu:

Mdadisi, hoja yako naikubali zaidi ya nusu. Ninapotofautiana nawe ni kwenye neno "kwa nini". Ikiwa sindano za juujuu na sindano za Zusanli zinalingana kwa binadamu, bado hatujui kama ni kwa sababu zote hazifanyi kitu zaidi ya kumtuliza mgonjwa, au kwa sababu kuchoma ngozi popote pale kunaamsha neva. Kwa binadamu huwezi kuzitenganisha dhana hizo mbili kirahisi. Kwa panya aliyezoeshwa mfuko unaweza, kwa sharti kwamba makundi yako yamepangwa kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo, Mwanagenzi, mimi ningekuwa na makundi manne ya panya wenye goti lililodungwa monoiodoasetati, wote wakikaa mfukoni dakika 30: wenye sindano na umeme kwenye Zusanli, wenye sindano hapohapo huku waya zimeunganishwa lakini umeme haujawashwa, wenye sindano na umeme mahali pengine kwenye mguu huohuo panapopata neva tofauti, na wasiodungwa kabisa. Liongeze kundi dogo la panya waliodungwa maji ya chumvi gotini, ili ujue goti zima linakupa namba gani siku ile. Usiite kundi la pili "sindano ya uongo", kwa sababu sindano iliyo ndani ya msuli si uongo. Yeye mwenyewe Nedergaard hakutumia umeme wowote, alizungusha sindano tu, na adenosini ilipanda. Mgao ufanywe kwa kura, panya wa makundi mbalimbali wachanganywe katika kizimba kimoja, na anayepima kokoto na uzito asijue nani ni nani. Anayedunga hawezi kufichwa, kwa hiyo asipime.

Ujiandae pia kukuta panya wasioitikia. Kwa Han ilionekana zamani kwamba panya wa ukoo mmoja, wa umri mmoja, hutofautiana sana, na wale wasioitikia walihusishwa na kolesistokinini, kemikali ya mwili inayopinga opioidi, ikiwa nyingi kwenye mfumo wa fahamu. Usiwaondoe kwenye hesabu baada ya kuyaona matokeo.

Mwanagenzi aliandika:

Nimeelewa, na msimamizi wangu nimekwisha kumwonyesha mjadala huu. Amekubali monoiodoasetati lakini ameshikilia von Frey nayo ibaki, nami sina ugomvi na hilo. Majike wa miezi 3 na nusu wapo. Kilichobaki kunitisha ni mkono wangu. Binadamu nimewadunga mamia, ila panya sijawahi, na sitaki kugundua mwezi wa sita kwamba nusu ya sindano zangu ziliishia kwenye mfupa.

MzeeWaMaabara alijibu:

Hilo lina dawa ndogo. Waombe wenzako wa idara nyingine panya waliokwisha kuuawa kwa kazi zao, siku hiyohiyo kabla hawajakakamaa. Tafuta kichwa cha fibula kwa kidole gumba, pima, kisha badala ya sindano ya akupancha tumia sindano nyembamba ya bomba yenye wino kidogo sana, uidunge kwa kina kilekile ulichopanga. Pasua ngozi, fungua msuli, tazama doa limekaa wapi. Mara 10 za kwanza utashangaa. Endelea hadi doa likae ndani ya msuli mara 9 kati ya 10, piga picha, na picha hizo ziweke kwenye kiambatisho cha andiko lako.

TabibuWaMifugo aliandika:

Na kucha zao zikatwe kabla ya siku ya kwanza ya mfuko. Waya za umeme wanazitafuna, sindano nazo wanazing'oa kwa mguu wa pili.